Randa Yenye Rangi ya Tausi

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa. Nimewatangazia wote mezani: sitegemei tena randa ya dukani kulainisha mbao. Nitaunda yangu, chuma mpaka mbao. Binti yangu akauliza kama ile ya mwaka jana imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, imeshindwa kasi yangu. Mkono huu uliwahi kunyoosha nguzo ya umeme kwa patasi! Mama watoto akasema hiyo nguzo kila mwaka inarefuka.

Kisha akatoa sharti. Stoo ninayofanyia kazi anaitaka aweke cherehani yake, maana sebuleni wateja wanakalia vitambaa. Nikiunda randa inayofanya kazi, na nikaupunguza kwa mikono yangu mlango wa jikoni unaokwama, stoo inabaki yangu. Mwisho Jumamosi. Mwamuzi ni kaka yake, shemeji yangu seremala, tunayemwita Milimita kwa kuwa hupima hata mkate kabla ya kuukata. Nimekubali papo hapo. Maskini mama watoto. Hajui anacheza na nani.

Jumanne, 3 Juni

Chuma nimepata: kipande cha springi ya lori. Fundi magari alinipa ili niondoke. Nimekikata kwa saa nne. Tuseme moja.

Mbao ndiyo kazi. Lazima iwe ngumu na iliyokauka miaka. Nimezunguka nyumba nzima nikigonga kila kitu kwa kidole. Mguu wa kitanda chetu ukalia kama kengele! Miaka ishirini na miwili unakauka chini yangu na mimi sina habari. Mahali pake nimepanga matofali. Imara zaidi. Mama watoto ameyazunguka mara mbili akiyatazama. Amevutiwa.

Jumatano, 4 Juni

Mwili wa randa tayari, mdomo nimeuchonga kwa patasi. Leo moto! Mkaa, na feni ya mezani kuupuliza. Chuma kikaona haya, kikaiva, kikawa chekundu hadi ndani. Nikakisogezea sumaku. Haikushika! Chuma kimesahau kuwa ni chuma! Nikakizamisha kwenye mafuta ya kupikia. Tshaaa! Kilipopoa nikakipitishia tupa, ikateleza kama juu ya kioo. Kimekuwa kigumu kuliko tupa yenyewe!

Milimita akachungulia dirishani. Akasema kazi nzuri shemeji, ila ukinoa kwenye mashine nenda polepole, chovya maji kila mara. Wivu huo. Nikamjibu nilianza kunoa yeye akiwa ananyonya. Akanikumbusha kwamba amenizidi miaka sita.

Alhamisi, 5 Juni

Mashine ya kunolea, kasi yote. Ncha ikawa njano kama majani makavu. Ikawa kahawia. Zambarau. Halafu, sijawahi kuona kitu kama hiki, buluu! Shingo ya tausi! Rangi inatembea yenyewe juu ya chuma, kama wino kwenye karatasi mbichi, na hakuna aliyeipaka. Maji? Nioshe maajabu haya? Nikakandamiza zaidi.

Ijumaa, 6 Juni

Jaribio kwenye mbao laini. Nikatia kile chuma, ndicho kisu cha randa, nikagonga kabari ya kukibana, nikasukuma. Shwiii! Utepe wa mbao ukatoka mdomoni mwa randa, mrefu kama mkono, mwembamba hata nikaulaza juu ya gazeti na kusoma matokeo ya mpira. Binti akaunusa. Mama watoto akaupitisha vidoleni kama hariri, na yeye hariri anaijua. Akauliza kwa sauti ya chini, baba watoto, hiki umekiunda wewe?

Nikamjibu ndiyo, bila jigambo. Mara ya kwanza maishani. Jigambo nimelipata baadaye, nikamfuata nalo jikoni.

Jumamosi, 7 Juni

Mlango umeng'olewa, umesimamishwa kwa ubavu. Mbao ngumu hasa. Msukumo wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ukakwaruza. Wa nne ukatafuna. Nikausingizia mlango.

Milimita akachomoa kisu, akakigusa kwa ukucha. Makali yamejikunja! Akasema chuma kikifika buluu kimeshalegea, shemeji, umekiunguza mwenyewe. Akaanza kuiondoa sehemu yote ya buluu. Gusa jiwe, chovya maji. Gusa, chovya. Saa nzima, kama anambembeleza mtoto. Kisha akasukuma mara moja.

Utepe mmoja, ubavu mzima wa mlango, mwanzo hadi mwisho, bila kukatika. Ile ni randa yangu! Nimelala juu ya mguu ule miaka yote na sikujua una sauti ile ndani.

Mlango ukarudishwa, ukafunga kwa kidole kimoja. Nikanyanyua mikono juu. Mama watoto akauliza ni mikono ya nani iliyosukuma. Mwamuzi, huku akiangalia viatu vyake, akasema ni yake mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Cherehani imeingia stoo. Mimi nimepewa kona ya baraza, kati ya ndoo na baiskeli. Sawa tu. Kwa haki nimeshinda, maana randa yangu imemfunza Milimita kazi. Nimemweleza binti. Akasema ndiyo baba, kwa sauti ileile ya mama yake.

Alasiri nilisimama mlangoni mwa stoo, mama watoto akishona. Jamani! Siku zote hizi sijawahi kuitazama cherehani. Mguu unakanyaga kidogo tu, gurudumu kubwa linazunguka taratibu, mkanda unavuta gurudumu dogo, nalo linakimbia kama limefukuzwa! Nywele zilinisimama. Nguvu yote hiyo, kazi yake kusukuma sindano! Ukitoa kichwa cha juu, ukafunga jiwe la kunolea pale pale, hakuna mashine itakayolifikia kasi.

Kesho mama watoto anaenda kwa dada yake, harudi mpaka jioni. Bisibisi ninayo.