Suti ya Mwili Unaokuja

Papa Ruphin wa Kampemba ndiye mtu wa kwanza mjini Lubumbashi kuagiza suti ya mwili ambao bado hajaupata!

Msicheke kwanza. Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta, na siku ya aibu nilikuwa msemaji wa familia yake, kwa hiyo nusu ya aibu ni yangu.

Mambo yalianza miezi mitatu kabla ya mahari ya binti yake Plamedie. Kijana Caleb wa Kipushi alikuwa ametuma watu kuomba orodha. Mnazijua orodha zetu: mbuzi, vitenge vya mama, suti na viatu vya baba, kila kitu na namba yake. Sasa, katika ukoo wa Ruphin, baba huivaa suti hapo hapo mbele ya wakwe. Isipomkaa, mahari haijapokelewa na binti haendi popote! Mlinzi mkali wa desturi hiyo alikuwa Ruphin mwenyewe. Mwaka juzi, katika mahari ya mpwa wake, aliwatoza wakwe faini ya mbuzi mzima kwa sababu kiatu kilimbana baba kidole gumba.

Siku ya kuandika, mkewe Mama Edith ndiye aliyeshika kalamu.

"Papa Plamedie, costume tuandike namba gani? Cinquante-huit?"

"Andika cinquante."

"Cinquante ya nani?"

"Ya miye! Shi niko mu régime? Ile siku nitakuwa cinquante. Ukiandika cinquante-huit, itanianguka mbele ya bantu!"

Akamnyang'anya kalamu, akaandika suti namba 50 badala ya 58 kwa mkono wake, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Régime hiyo ya kupunguza mwili aliitoa kwa Simone, muuguzi wa mtaani kwetu, ambaye alimpima presha akashtuka. Simone aliwapa mume na mke mpango mmoja: wiki mbili za kupunguza chakula, wiki moja ya pause, yaani mapumziko, kisha wiki mbili tena, na kuendelea. Mama Edith alizitia siku zote za pause alama nyekundu kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni. Ya mwisho ilipangiwa siku ya mahari yenyewe, ili watu wale kwa amani.

"Pause iko muzuri," Simone alieleza. "Muntu akijinyima bila kupumuzika, anachoka, anaacha yote. Lakini mu pause munakula ya kutosha tu, kilo zibakie pale pale. Haina fête, Papa Ruphin. Unasikia?"

"Nimesikia! Pause!"

Katika maneno yote yale, hilo moja ndilo lililoingia.

Liévin, kaka yake Mama Edith, hakulipenda kabisa. Huyu ni mtu mwembamba, mkanda wake una matundu aliyoyaongeza mwenyewe kwa msumari. "Muntu anapanda mulima, anafika katikati, anashuka chini kunywa munkoyo, kisha anasema atafika juu? Beau-frère, funga kinywa miezi tatu, imeisha!"

"Weye haujue science!" Ruphin akafoka. "Mwili iko mujanja. Ukiinyima kila siku inakasirika, inafichaka mafuta. Inapashwa kuidanganya kidogo."

Akaudanganya kweli. Ila mwili wa Ruphin nao si mtoto wa jana.

Wiki mbili za kwanza, nampa haki yake, alijikaza. Mboga, kabukari kadogo, ndio ugali wetu, maji. Akashuka kilo mbili na kupita nyumba kwa nyumba kuonyesha mkanda. Nyumba kumi na moja! Kwangu alipita mara mbili.

Kisha ikaingia pause. Jumatatu asubuhi, sahani ya beignets, maandazi yetu. Mchana, bukari mlima mzima na sombe ya majani ya muhogo inayoelea mawese. Jioni, michopo, nyama choma ya mbuzi, pale kona na chupa za kuisukumia. Mama Edith naye alikula bukari ya ngumi moja na samaki wake, akanawa mikono.

"Huyu mwanamke hajui kupumzika," Ruphin aliniambia kwa huruma.

Régime iliporudi tu, kukatokea kilio mtaa wa Katuba. Je, utakataa chakula cha kilio? Si kumdharau marehemu? Ruphin akaenda kwenye kalenda, akafuta alama moja nyekundu ya mbele, akaihamishia siku ya kilio. Juma lililofuata, ubatizo. Akahamisha nyingine. Kisha timu yake ikashinda. Kisha ikafungwa, na kwa kuwa huzuni nayo inataka michopo, akafuta tena alama ya kwanza aliyoiona, bila hata kusoma tarehe.

"Papa Plamedie, unaharibisha kalenda!"

"Ninapanga! Simone alisema pause inapangwaka!"

Wiki moja kabla ya mahari, Simone aliwapima wote wawili. Mama Edith alikuwa ameshuka kilo sita. Ruphin alikuwa amepanda tatu.

"Hii mizani imezeeka," akasema Ruphin, akashuka.

Mama Edith alimsihi mbele yangu. "Tuite bantu ya Kipushi, tubadilishe namba. Haina haya. Fanya vile juu ya mutoto."

"Nirudie ku maneno niliyosaini? Siwezi! Na costume ya siku hizi inavutikaka."

Nami nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu.

Siku ikafika. Turubai uani, viti vya kukodi, wakwe wamependeza. Mama Edith alitoka katika kitenge ambacho fundi alilazimika kukipunguza mara mbili, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakajibu. Plamedie alikuwa nyuma ya pazia la mlango, akingojea kuitwa.

Suti ikaletwa. Ya buluu, nzuri, unaweza kuzikwa nayo! Ruphin akaingia nayo chumbani, Liévin akamfuata kumsaidia. Tukangoja. Tukaimba wimbo mmoja. Tukaimba wa pili. Dirisha lilikuwa wazi.

"Vuta tumbo!"

"Nimeshavuta!"

"Basi vuta ile ingine!"

Hatimaye akatoka. Koti lilikuwa limemshika mikono nyuma kama kuku anayepelekwa sokoni. Suruali ilikuwa imegoma mapajani, ikabidi ifunikwe kwa kitenge cha mkewe. Baba wa binti, juu koti, chini kitenge!

Mimi msemaji, badala ya kufikiri, nikaruka.

"Bandugu ya Kipushi! Munaleta costume ya mutoto? Munazarau baba? Faini! Mbuzi moja!"

Upande wetu ukanishangilia. Papa Chileshe, baba mkubwa wa Caleb na msemaji wao, hakukasirika. Alivaa miwani taratibu, akakunjua karatasi.

"Costume ya baba: cinquante. Na signature iko hapa. Iko na mikia tatu."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu, nikatamani ardhi ipasuke. Pazia likasogea, na Plamedie akauliza kwa sauti ya machozi:

"Papa, niende ao nisiende?"

Ruphin alimtazama bintiye. Nilimwonea huruma kweli, maana kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu aliliacha tumbo likae linavyotaka.

"Haina kosa yabo," akasema. "Njo kosa ya miye. Nilipima mwili yenye ilikuwa haiyafika bado."

Wazee wakanong'onezana. Wakaamua kwamba mjomba naye ni baba, upande wa mama. Liévin akaivaa suti. Ikamkaa kana kwamba fundi alilala naye nyumba moja! Akaketi kwenye kiti cha baba, akapokea mikono ya wakwe, na Plamedie akatoka nyuma ya pazia akicheza.

"Kunabakia faini," akakumbusha Papa Chileshe. "Muntu aliandika namba ya uongo. Na ile sheria ya mbuzi, tunasikia haina yetu, iko yenu."

Wote tukamgeukia mwenye sheria. Basi mbuzi wa baba, yule mnono aliyeletwa kwa ajili ya Ruphin peke yake, akaenda motoni.

Michopo iliponukia, Ruphin alikuwa amesharudi katika shati lake pana na furaha yake yote. Watu kama yeye aibu huwapitia, haiwakai. Akachukua sahani kubwa, akapanga mstari.

"Leo fête ya mutoto wangu! Leo njo pause ya kweli!"

Mbele ya mstari alisimama Mama Edith, uma mkono mmoja, kalenda ya parokia mkono mwingine. Akaelekeza uma kwenye tarehe ya siku hiyo, palipofutwa alama nyekundu.

"Pause ya leo, Papa Plamedie, uliikulaka siku ile timu yako ilifungwa."

Akampakulia mboga.

Nyuma yake Liévin akanyoosha sahani na kukung'uta vumbi kwenye bega la suti. "Dada, miye niongeze. Niko cinquante."