Kiti cha Saba cha Alberta

Redio ya mgahawa wa Doreen haijamaliza kutangaza kwamba kiti kimoja cha jimbo la Alberta katika Seneti ya Kanada kiko wazi, Orest, anayeitwa Trekta kwa makelele yake, akagonga meza hadi kahawa ikamwagika.

"Sita! Tangu mwaka 1915 Alberta tuna viti sita! Tumezaana mpaka tunakaribia milioni tano, bado sita vilevile! Jimbo la New Brunswick hawafiki hata milioni, wana kumi! Si uhuni huo?"

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema Garnet, ambaye wenzake humwita Mbishi. "Wenzako walipogawana viti, huku kwetu kulikuwa na nyati tu."

"Si watuongezee sasa!"

"Mpaka katiba ifumuliwe, na majimbo saba kati ya kumi yakubali. Nani atakubali mfupa wake umegwe, bwana wewe?"

"Basi nakwenda Seneti mwenyewe!" Trekta akachomoa fomu ya kuomba useneta mfukoni kifuani. "Nimeshajaza."

Meza nzima ikaangua kicheko. Kilimuuma. Miaka thelathini amebwata hapa bila kusikilizwa, na kabla hajafa alitaka serikali kule Ottawa imsikie, japo mara moja.

Myrna akavaa miwani. Wanamwita Hati, maana ofisi ya ardhi ndiyo iliyomzeesha. "Seneta lazima awe na ardhi ya dola elfu nne ndani ya jimbo lake, Trekta."

"Shamba si ninalo!"

"Liko wapi?"

Wote wakageukia dirishani. Mpaka wa majimbo mawili umepita katikati ya barabara. Upande huu Alberta, chumba cha kupanga cha Trekta na kahawa ya Doreen. Upande ule Saskatchewan, na shamba lake lote.

"Hatua ishirini tu, dada!"

"Hata ingekuwa moja. Huko ni jimbo la watu."

Trekta alinywea. Kisha akasema taratibu, "Huku nako nina ardhi. Hati, si wewe uliyeniandikia? Pale makaburini, nafasi yangu ubavuni mwa mke wangu Halyna."

Hati akainamisha macho. Mbishi hakuinamisha chochote.

"Kumbe kiti unacho, mzee! Cha saba hicho, tena hata New Brunswick hawakuonei wivu!"

Trekta akaikunja fomu yake mara mbili, akafutia ile kahawa iliyomwagika.