Kanzidata ya Kidato cha Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa taaluma anastaafu! Mwalimu mkuu katangaza wakati wa chai: Ijumaa atateua mwingine. Cheo hicho kina ofisi. Ofisi ina mlango. Miaka kumi na moja nakaa kwenye kona ya chumba cha walimu, kiwiko kikigombana na chupa za chai. Mlango ule ni wangu.

Mpinzani mmoja tu: mwalimu wa Hisabati, tunamwita Mama Daftari. Alama zote anaziandika kwa penseli kwenye daftari lenye jalada jeusi. Penseli! Mimi nitajenga kanzidata. Kila mwanafunzi, kila somo. Unabonyeza mara moja, kompyuta inakuchambulia. Nimemweleza mwalimu mkuu. Kasema haya, tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Kutwa nzima naingiza majina. Wanafunzi mia moja arobaini na wawili! Meza ya kompyuta ni fupi, shingo imekakamaa. Nimeinua skrini kwa bunda la karatasi za mtihani wa Jiografia, somo langu. Urefu wake ndio wenyewe.

Mama Daftari kapita, kauliza kama hizo si zile ambazo sijasahihisha. Nikamwambia mwenzio anajenga mfumo, wewe unahesabu karatasi. Akacheka kimya kimya. Siwapendi watu wanaocheka kimya kimya.

Jumatano, 5 Machi
Walimu hawa wataniua. Niliwaomba alama kabla ya saa nane. Wa Kemia kaleta alama bila majina. Wa Historia kaleta majina, na mbele ya kila moja kaandika "anajitahidi". Nimwingize wapi anayejitahidi? Mama Daftari kaleta zake saa moja na nusu asubuhi, safi kabisa. Kunikomoa tu.

Lakini nimemnasa! Wanafunzi wake watatu waliugua, hawakufanya mtihani. Nimeiamuru programu ihesabu kila kisanduku kitupu kuwa sifuri. Kisha nimetengeneza ukurasa unaopanga masomo kwa wastani, lililofanya vibaya likae juu, kwa rangi nyekundu. Sifuri tatu zitamshusha tu!

Nimeenda nyumbani napiga mluzi. Mke wangu kauliza karatasi za Jiografia nitasahihisha lini. Nimemwomba asinichanganyie mambo makubwa na madogo.

Ijumaa, 7 Machi
Nilivaa tai. Projekta ikawaka bila kupigwa kofi, nikaona ni dalili njema. Nikawahutubia walimu kuhusu uzembe. Nikasema takwimu hazimwonei mtu haya. Nikabonyeza.

Jiografia. Juu kabisa, jekundu. Wanafunzi mia moja arobaini na wawili, wastani sifuri.

Nikasema programu imekosea. Mama Daftari, kwa upole wake ule wa kuudhi, akasema haijakosea, mwalimu mwenzangu, imekutii. Mwalimu mkuu akauliza karatasi ziko wapi. Wote wakageuka kutazama kompyuta. Kisha wakatazama chini yake.

Mama Daftari akaombwa daftari lake. Kwa wale watatu alikuwa ameandika "mgonjwa", na pembeni tarehe ya kurudia mtihani. Akaeleza kwamba ndiyo maana anatumia penseli: mgonjwa hupona. Walimu wakapiga makofi. Hata wa Historia! Mlango kapewa yeye. Niliumia, na nilirudi kwenye kona yangu nikiwa nimeifungua tai.

Jumatatu, 10 Machi
Nimebisha hodi ofisini kwa Mama Daftari. Kubisha, mimi! Kanipa hadi Ijumaa nisahihishe karatasi zote, na kaniagiza nizitoe chini ya skrini leo hii. Hakunisema. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nimekubali. Ila kazi kubwa namna hii haianzwi kienyeji. Inahitaji kanzidata ya karatasi ambazo hazijasahihishwa: ya nani, kurasa ngapi, imekaa siku ngapi. Nikimwonyesha hiyo Ijumaa, atanyamaza mwenyewe.

Karatasi nilizitoa kama nilivyoagizwa. Nikafanya kazi dakika kumi. Shingo!

Nimezirudisha.