Kuhusu Mbwa Wetu Kunyimwa Kadi ya Kukimbia Moto

Kwa Bw. Kuramitsu, Mwenyekiti,
Jumuiya ya Mtaa wa Urashimizu,
Kanazawa.

Ndugu Mwenyekiti,

Naomba radhi kwa ukimya wangu wa siku kumi na saba. Ubao wa matangazo, ambao kila nyumba huusoma, huugongea muhuri na kuupeleka kwa jirani kesho yake, bado uko juu ya meza yangu. Najua kwamba nyumba kumi na nne zinazonifuata hazijui hata siku ya kutoa taka za chupa. Sikugonga muhuri kwa sababu muhuri ni ushahidi kwamba mtu amesoma na ameridhika. Nimesoma.

Tangazo lenu linasema kwamba mnyama asiyefaulu zoezi la moto hatapewa kadi, na asiye na kadi hatapokewa katika ukumbi wa shule mtaa ukiungua. Mbele ya jina la Goma, mbwa wa dada yangu mkubwa Tokie, mmeandika "Hakufaulu". Dada ana miaka themanini na mitatu. Alisoma neno hilo, akavua miwani, akaniambia, "Mdogo wangu, Goma asipopokewa, mimi nabaki naye humu humu. Wewe nenda kale biskuti za dharura huko shuleni." Dada hatanii anapovua miwani. Nyumba yetu ni ya mbao, na uchochoro wetu haupitishi gari la zimamoto. Ndiyo maana naandika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani wenyewe. Mlijaza moshi wa bandia katika nyumba ya jumuiya, mkataka kila mnyama aingie kwa mlango wa mbele, apite chini ya moshi na kutokea nyuma. Goma alifika mlangoni, akaketi, akainua mguu wa mbele wa kulia. Alikuwa anasubiri kupanguswa. Kwa miaka kumi na mitatu unyayo wake haujaingia ndani ya nyumba ya mtu bila kupitishiwa taulo, na sijui ni lini adabu imegeuka kosa. Binti Asahina, mkufunzi wenu, alimwita kwa jina mara tisa. Dada akatoa taulo mkobani, akampangusa miguu yote minne bila haraka. Watu kumi na mmoja waliokuwa nyuma yake na wanyama wao wakatazamana, kisha nao wakatoa taulo zao. "Samahani, tunawachelewesha," alisema mmoja. "Aa, pangusa tu, hata wangu ana matope," akajibiwa. Moshi uliisha wangali kwenye foleni. Kati ya wote hao, aliyeandikiwa kufeli ni Goma peke yake, kwa kosa la kuwa wa kwanza.

2. Watahini. Ninyi wanakamati watano mliingia katika nyumba mliyosema inaungua baada ya kuvua viatu na kuvipanga mlangoni, ncha zikielekea nje. Mlipotokea nyuma, mkajikuta mmesimama juu ya changarawe kwa soksi. Nilikuona kwa macho yangu, Ndugu Mwenyekiti, ukirudi ndani ya moshi kufuata viatu vyako. Bi. Nishio, jirani yangu, alisema, "Mwenyekiti ameshakufa huyo, lakini kafa kistaarabu." Naomba kujua ulipata alama ngapi.

3. Kasuku wa Bi. Nishio. Huyu alipewa kadi na pongezi, kwa kuwa akisikia king'ora cha moshi huingia mwenyewe katika tundu lake la safari. Hamkuuliza ni nini kingine alichojifunza. Amejifunza king'ora chenyewe. Hukiiga asubuhi, hukiiga adhuhuri, na hukiiga kila anapocheleweshewa mbegu. Sasa uchochoro mzima ukisikia king'ora husema, "Kasuku ana njaa," na kuendelea kunywa chai. Mafunzo yenu yamemwokoa ndege mmoja, yakatuhukumu sisi sote kuungua.

4. Kanuni. Babu zake Goma walikimbia moto kabla babu zetu hawajajua kuuwasha. Mnyama huujua moto kwa pua. Binadamu huujua kwa tangazo. Kumfundisha mbwa kukimbia moto ni sawa na kumpeleka bata shule ya kuogelea, kisha kumnyima bwawa kwa sababu hakuleta cheti.

5. Haki. Ikiwa kadi ni lazima, basi ianze kwa binadamu. Kila mkaaji apitishwe katika moshi, na atakayefeli asipokewe shuleni. Kwa matokeo niliyoyashuhudia, ukumbi utapokea mbwa, paka, sungura na kasuku, wala hapatakuwa na mwanakamati hata mmoja. Wanyama hao watahitaji mwenyekiti. Nampendekeza Goma, ambaye hajawahi kuongoza mkutano wa saa tatu nzima kuhusu rangi ya ndoo.

Kwa hiyo naomba neno "Hakufaulu" lifutwe, mafunzo ya wanyama ya kila Jumanne kwa Binti Asahina yakomeshwe, na dada yangu apewe maandishi kwamba mbwa wake atapokewa.

Nisalimie mama yako, ambaye achari yake ya figili imetufikia salama. Nisalimie wanakamati wote, na Binti Asahina, ambaye simlaumu, kwa kuwa ni kijana na alitumwa. Kasuku simsalimii.

Ni mimi jirani yako,
Shiomi Yasuharu,
Mwalimu mstaafu wa sarufi.

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshatia sahihi hapo juu leo asubuhi, nikitafuta bahasha, samaki niliyemsahau jikoni alipowaka. Goma, kinyume cha aya yangu ya nne, hakukimbia. Alijichimbia katika kabati la matandiko, nyuma ya magodoro, na kila nilipomvuta alizidi kuingia ndani. Moshi ulikuwa umeshatanda kwenye dari ya sebule. Ndipo dada, aliyekuwa langoni, alipotoa filimbi mfukoni na kuipuliza mara mbili. Mbwa akatoka, tumbo chini, akapita mlangoni na miguu yake kama ilivyo, akaenda kuketi karibu naye. Kumbe Jumanne mbili zilizopita, dada alipoaga kwamba anakwenda na Goma kununua tofu, walikuwa kwa Binti Asahina.

Mimi nilitoka nyuma ya mbwa, kisha nikarudi ndani kuichukua barua hii. Dada akapuliza filimbi kwa mara ya tatu, na hiyo ilikuwa yangu. Nilitoka. "Naam," akawaambia majirani waliokuja na ndoo, "hata huyu anafundishika."

Ukuta wa jiko umeungua. Watu ni wazima. Naomba uzipuuze aya zote isipokuwa ya tano, nayo ianze kwangu. Ningependa kujiandikisha Jumanne ijayo, lakini dada bado anafikiri kama itafaa Goma awekwe kundi moja na mimi. Akishaamua, nitakuandikia.