Baadhi ya Maeneo ni Uani Kwangu

Kwa Mkuu wa Utabiri,
Ofisi ya Hali ya Hewa, Ukanda wa Pwani na Mabonde ya Bara.

Ndugu Mkuu,

Yah: Manyunyu ya "baadhi ya maeneo"

Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua hii niliianza wiki tatu zilizopita. Ukurasa wa kwanza mwanangu aliutafuna, wa pili ukalowa. Waliouloweka ni ninyi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi minane, ambaye kwa jinsi anavyotoa amri, mtaa mzima unamwita Bosi. Jumatatu ijayo natakiwa kurudi kazini, karakana ya kushona sare za shule. Likizo yangu imeongezwa mara mbili, na msimamizi ameniambia kwa upole, jambo lililonitisha zaidi, kwamba nisipofika Jumatatu cherehani yangu ataikalia mwingine. Ili nifike, lazima Bosi apokelewe kituo cha kulelea watoto. Na mlezi mkuu wa pale hapokei mtoto asiye na nepi nane kavu. Hadanganyiki, maana huzibana shavuni moja moja, kama anayepima homa.

Nepi zangu hazikauki. Sababu ni hizi:

1. Kila asubuhi saa moja na nusu msomaji wenu hutangaza: "Ukanda wa pwani na mabonde ya bara, mawingu kiasi, vipindi vya jua, na manyunyu katika baadhi ya maeneo." Naomba kujua mimi ni nani kati ya hao. Nyumba tunayopanga iko pale bonde linapoishia na pwani kuanzia. Mlango wa mbele unapigwa na upepo wa chumvi, wa nyuma unatazama bondeni. Nikimlaza Bosi kitandani, kichwa chake kiko pwani na makalio yake yapo bara. Je, nepi nianike kwa utabiri wa kichwa au wa makalio?

2. Vipindi vya jua. Shule sikufika mbali, lakini najua kipindi kina saa ya kuanza, saa ya kumalizika, na kengele. Ninyi mnatoa vipindi bila ratiba. Naanika, kisha nakaa kizingitini na beseni mapajani kama mwanafunzi anayemsubiri mwalimu mtoro.

3. Hili ndilo kubwa. Kila siku mnayoahidi jua, ikifika saa mbili kasoro, manyunyu yanashuka uani kwangu. Barabarani hayashuki. Fundi viatu aliye ng'ambo ana viatu vya watu vimepangwa nje, vikavu vyote. Juzi aliponiona nakimbilia kamba akapaza sauti, "Shemeji, hiyo mvua umeikosea nini mpaka ikuwinde peke yako?" Mume wangu, ambaye angepaswa kunitetea, anasema nina wingu langu binafsi, nilifuge tu. Na matone yenyewe yana udongo! Sikujua kwamba siku hizi huko juu hawachuji.

Ningeona ni bahati mbaya, ila nimeweka kumbukumbu ukutani kwa chaki. Siku kumi na moja za jua lenu, siku kumi na moja za manyunyu yangu. Siku mbili mlizotangaza mvua, kwa woga sikuanika, na halikushuka hata chozi.

4. Mama mkwe wangu anaishi bondeni na anasikiliza redio ile ile. Hupiga simu kabla sijanywa chai: "Mkwe, redio imesema kwenu jua. Mbona mjukuu wangu Jumapili alinuka kwapa la chura?" Nimejieleza mpaka mate yamenikauka, yakiwa ndiyo kitu pekee kilichokauka humu ndani. Nimekuwa mvivu kwa ushahidi wa serikali.

5. Msiniambie nianike ndani. Nilianika juu ya jiko la mkaa, na mlezi mkuu akaniuliza kama namleta mtoto au samaki wa kubanikwa.

Kwa haya yote nimefikia uamuzi kwamba "baadhi ya maeneo" si mahali. Ni mimi. Mko mezani na ramani yenu, mnahitaji mtu wa kunyeshewa ili taarifa isionekane ya uongo, na kidole kimeangukia kwangu. Sikatai kuchangia taifa. Ila kama ni lazima awepo wa kuwa baadhi, tushike zamu, mtaa kwa mtaa, na zamu ya kwanza ianzie uani kwako. Nauliza kwa heshima zote: wewe, Ndugu Mkuu, nguo zako za ndani unaanika wapi?

Msalimie msomaji wa utabiri, sauti yake ni nzuri hata akinidanganya. Msalimie na yule anayepanda mnarani kupima upepo, ajishike vizuri. Na kama mama yako yu hai, msalimie kuliko wote, kwa maana nepi zako alizikausha bila redio.

Ni mimi niliyelowana,
Mama Bosi, chumba cha chini.

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena. Nimepanda sasa hivi kumrudishia bibi wa ghorofani beseni lake. Ni mkunga mstaafu, na ndiye aliyempokea Bosi. Nimemkuta anamwagilia maua yake, makopo thelathini yamepangwa ukingoni mwa roshani, juu hasa ya kamba yangu. Akaniambia, "Redio imesema jua, mwanangu, nikiyaacha yatakufa. Ikisema mvua wala siyagusi." Nikamwamkia mara ya pili. Mtu aliyemshika mwanangu kabla yangu sina mdomo wa kumgombeza, na ua wetu wote uko chini ya ukingo ule.

Kwa hiyo malalamiko yote matano nayafuta. Utabiri wenu wa jua ulikuwa sahihi, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Bado nahitaji mnitumie haya:

tangazo moja la mvua kubwa, la Jumamosi na Jumapili, lisomwe taratibu kwa sababu masikio ya bibi yamechoka;

ndani yake neno "baadhi" lisiwemo, semeni "kote kote";

jua la siku mbili, lije kimya kimya bila kutangazwa;

na Jumatatu, baada ya saa mbili asubuhi, nikiwa nimeshakaa kwenye cherehani yangu, mvua ndogo ya kweli, ya kutosha makopo thelathini. Yatakuwa na kiu.