Mtambo wa Geofrey Umenichukulia Mke

Tegetero, milimani Uluguru
Jumapili, baada ya chai niliyojimiminia mwenyewe

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Vijana wa Programu Huria,
Msamvu, Morogoro.

Ndugu Mwenyekiti Geofrey,

YAH: KUOMBA MTAMBO WAKO UHARIBIKE

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hujaituma. Marahaba.

Mimi ni babu yake Mwanvita, yule binti wa kikundi chako. Babu na mjukuu tunavyojuana, huyo ni mke wangu, na marehemu bibi yake alikubali kwa shingo upande. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alichoka kabla yangu, lakini kazi ya mke wangu naijua. Watu huandika programu za Linux wakaziacha mtandaoni zikiwa msimbo mtupu. Mwanvita huuchukua msimbo ule, akaupika kwenye kompyuta mpaka uwe programu inayotembea, halafu akaifunga kifurushi, ili mvivu kama wewe abonyeze mara moja na kutumia.

Sasa nasikia umeunda mtambo unaofanya yote hayo peke yake, kwenye makompyuta ya kukodi huko mbali. Hongera. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta ya Mwanvita ni kuukuu. Ikipika msimbo hapo Msamvu huchemka hadi ikazimika. Kwa hiyo kila Ijumaa alikuwa anaipandisha huku kwenye baridi, anaiweka barazani kwangu ipulizwe na ukungu. Mlima wote huu, Mwenyekiti, ulikuwa feni ya kompyuta, na mimi mlinzi wa feni. Siku hizi haichemki. Mwenyewe haji. Mwezi mzima sasa mlima unapuliza bure.

2. Programu hizo hazikubali kupikwa mpaka ndugu zao wote, yaani programu nyingine zinazozitegemea, wawepo. Akikosekana mmoja, inasusa kama mjomba aliyesahauliwa kwenye posa. Hapo Mwanvita husema, "Babu, imegoma, nalala hadi kesho." Nilikuwa naziombea dua zigome. Mtambo wako unawatafuta ndugu hao mmoja mmoja, unawakalisha, kwisha. Nani kakutuma kupatanisha watu?

3. Wakati kompyuta inapika tulikuwa tunacheza bao. Jicho lake moja kwenye kioo, jingine kwenye kete, nami nilimfunga kila mara kwa akili zangu. Sasa nacheza na jirani Castory, ambaye hufikiri mpaka kete zinaota.

4. Maharage hayamenywi.

5. Nimelitafakari hili tangu alfajiri. Anayemfanya mke wa mtu asionekane nyumbani, huo ni ugoni. Naushtaki mtambo. Ufike mbele ya wazee wa Tegetero, usilete visingizio vya umeme, na uje na wajomba zake wote, wasusie huku huku. Ukitiwa hatiani, tazama namba 4.

Ila sina roho mbaya. Ugoni nitausamehe ukiuamuru mtambo ukwame kila Ijumaa mchana, kwa kosa ambalo wewe hulielewi na Mwanvita peke yake analiweza, hapa barazani. Nyie mliozaliwa Gairo kwenye ukame mmezoea karanga kujikausha zenyewe juani, basi mnadhani kila kitu kikijifanya chenyewe ni faida.

Nisalimie kikundi kizima, hata wale wanaovaa kofia ndani ya nyumba. Wasalimie wazazi wako. Mtambo usiusalimie.

Wako katika baridi isiyo na kazi,
Mzee Ahmadi Kobelo
(Mume halali)

N.B. Sijafunga hata bahasha, Mwanvita huyu hapa! Kaja bila kompyuta. Anasema mwezi mzima mlikuwa mnaufundisha mtambo, sasa umejua, kwa hiyo yeye anakaa kwangu wiki nzima. Maharage kayamaliza. Shtaka nimelifuta, mtambo wako usikwame hata siku moja, uupe salamu zangu na za wajomba. Tatizo ni kwamba macho yake yote mawili sasa yako kwenye bao, na kanifunga mara mbili mfululizo. Basi ukwame kidogo tu, kesho jioni, umpigie simu ageuke kule, nami nizipange kete zangu vizuri.