Machozi ya Mke Wangu kwa Askari wa Kijapani

Kimandolu, Arusha

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu, na baada ya kukutakia afya njema wewe pamoja na mitambo yako ya kuchapia, naomba nafasi gazetini nililalamikie gari la sinema lililokuja hapa Kimandolu Jumamosi iliyopita. Lilituonyesha picha ya Japani wakati wa vita. Inamhusu geisha, yaani mwanamke aliyefunzwa kuimba, kucheza na kuwamiminia wageni vinywaji. Mpenzi wake ni askari, naye anapelekwa vitani. Tangu siku ile nyumba yangu haina amani, na sababu ni hizi:

1. Mimi nilikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Mwingereza, nikapigana na Wajapani kule Burma, tuliyoiita Bama. Serikali yenyewe ilituambia ni adui. Leo askari wa Kijapani anaaga kwenye kitambaa cha sinema, na mke wangu Lydia analia mpaka kanga inalowa. Siku nilipoondoka mimi, Lydia alinipa ndizi za kuchoma, akatabasamu, akaniambia nisipoteze blanketi. Iliniuma, Bwana Mhariri, na bado inaniuma.

2. Picha nzima wanakunywa chai. Sisi wa mlimani tunalima kahawa, na katika sinema ndefu vile hakutokea hata mtu mmoja wa kuiulizia. Yule geisha humimina chai akiwa amepiga magoti, taratibu kama mchungaji anayebatiza. Sasa Lydia naye anamimina vivyo hivyo. Kahawa inanifikia imepoa.

3. Wajapani huvua viatu mlangoni, kwa hiyo na sisi tumeamriwa. Mabuti yangu yaliyovuka mito ya Bama yanalala nje, na kuku anaatamia ndani ya la kushoto. Juzi mzee wa kanisa Mikaeli alivua vyake, soksi ikaonekana ina tundu, na hajaja tena kutuombea.

4. Hili ndilo kubwa. Mfasiri wa sinema, Mikidadi wa Levolosi, kijana ambaye hata hajaoa, alikuwa akitueleza mambo kwa kipaza sauti. Geisha alimuaga askari wake huku anatabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Lakini Mikidadi akasema eti moyoni analia, ila kwao ni mwiko kulia mbele ya watu. Ya moyoni ameyajuaje? Halafu akapenga kamasi kwenye kipaza sauti, mlima mzima ukasikia. Tukishakubali kwamba mtu anaweza kutabasamu huku analia, mume gani atakuwa na uhakika na jambo lolote nyumbani kwake?

Kwa hiyo naomba picha hiyo ichomwe moto. Mikidadi aozwe haraka. Kisha Serikali itengeneze picha nyingine, ya askari wa hapa Meru anayekwenda Bama, na mkewe amlilie kwa sauti kuanzia Sekei mpaka stesheni ya treni, halafu wote wanywe kahawa. Kumwigiza huyo askari niko tayari bila malipo, kuku akishamaliza.

Nisalimie mkeo, watoto, wapiga chapa, na majirani zako wote, hata wanaokunywa chai.

Ni mimi, niliyeudhika kwa adabu,
Eliasi Kaaya
Aliyekuwa Koplo wa Keya

N.B. Lydia ameisoma barua hii nilipokuwa natafuta stempu. Hakukasirika. Amesema siku ile niliyoondoka, marehemu mama yangu alimkataza kulia, kwa kuwa kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Akatabasamu mpaka nilipopotea machoni, kisha akaenda kulia zizini kwa ng'ombe, na akawa akilia huko mpaka niliporudi. Miaka yote hii sikujua.

Basi kisichomwe kitu, Bwana Mhariri. Tafadhali waombe wenye gari warudi na picha ile ile, na Mikidadi yule yule. Nilimshika Lydia mkono kwa hasira tukaondoka kabla haijaisha, na sasa sisi wawili tunataka kujua kama yule Mjapani alirudi nyumbani.